Ngoma ya Bujora na Jalada la Mashtaka: Kujikosoa Juu ya Shinikizo la Umma Wakati wa Upelelezi

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, uwanja wa Bujora karibu na Kisesa hufurika watu. Wanatoka Magu, Misungwi, Kwimba na mjini Mwanza kuja kutazama mashindano ya ngoma baina ya Wagika na Wagalu. Padre David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma mahali hapo katika miaka ya 1950, hakuyabuni mashindano hayo, aliyakuta. Na kanuni yake anaijua kila mtoto wa Usukuma. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja ukipakana na mwingine, na watazamaji wako huru kwenda wanakovutiwa. Kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo kila upande hufanya liwezekanalo: huyu anarusha majembe, yule anacheza na nyoka, na wazee wanasimulia habari za dawa za kuvuta watu zilizofukiwa uwanjani kabla ya jua kuchomoza.

Kama kanuni ya ngoma, hatuna la kuikosoa. Umma unataka burudani, na umma ndio wenye haki ya kusema ni burudani ipi iliyoukonga moyo. Kosa linaanza pale kada wa Chama anapoichukua kanuni hiyo ya uwanjani na kuipeleka kituo cha polisi. Ndivyo ilivyotokea katika mikoa yetu ya kanda ya Ziwa, si mara moja, na kila mara kosa hilo limevaa vazi la fikra za kimapinduzi. Husemwa: umma umeshasema. Husemwa: wananchi wanawajua wahalifu, kinachosubiriwa ni nini? Na yeyote anayeuliza ushahidi uko wapi huambiwa kwamba ana kasumba ya kibwanyenye.

Makala haya yana shabaha ya kuikosoa fikra hiyo kutoka ndani ya msimamo wetu wenyewe. Hatuandiki kwa niaba ya wale wanaouogopa umma na kuuita kundi la wajinga. Tunashikilia kwamba umma ndio mwenye mahakama, ndio mwenye polisi, na ndio mwenye haki ya kudai kwamba mauaji yapelelezwe hadi mwisho. Lakini kuwa mwenye mahakama hakumfanyi mtu kuwa shahidi wa jambo asiloliona. Kati ya madai ya umma na hukumu ya mahakama amesimama mtumishi mmoja ambaye katika mafunzo yetu hatajwi kamwe: mwendesha mashtaka. Tumesoma juu ya wajibu wa kiongozi, wa mwanamgambo, wa katibu wa tawi. Juu ya wajibu wa mtu huyu aliyeshika jalada hatujasoma neno, na upungufu huo umewagharimu watu maisha yao.

Tuanze na tukio ambalo kila kada analijua nusu.

Mapema mwaka 1976 iliendeshwa operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Sababu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Watu walikuwa wakiuawa vijijini, wengi wao vikongwe waliosingiziwa uchawi, na wizi wa mifugo wenye damu ulikuwa umewachosha wafugaji. Polisi pamoja na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa wakiwa mikononi mwa dola, na baadhi yao walikufa. Walikufa wakiwa watuhumiwa, kabla ya mahakama yoyote kuwatia hatiani. Mwezi Januari 1977, wiki chache tu kabla ya TANU na Afro-Shirazi kuungana na kuzaa Chama cha Mapinduzi, Ndugu Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu. Alijiuzulu pia Ndugu Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama, pamoja na wakuu wa mikoa miwili, Ndugu Peter Kisumo wa Mwanza na Ndugu Marco Mabawa wa Shinyanga. Baadaye baadhi ya maofisa wa polisi na wa usalama walifikishwa mahakamani wakatiwa hatiani.

Nusu inayojulikana ni ile ya kujiuzulu. Inasimuliwa katika vyuo vya Chama na katika semina za maadili, na ilisimuliwa tena nchi nzima mwaka 2024 tulipomzika Mzee Mwinyi. Waziri hakumpiga mtu, hakuwa Shinyanga, hata hivyo alibeba dhamana ya waliokuwa chini yake. Ni kweli, na ni mfano mzuri wa uongozi. Lakini mfano huo tumeupenda mno hata tukaacha kuuliza swali linalouudhi zaidi. Kujiuzulu ni hatua inayokuja baada ya maiti. Kabla ya maiti palikuwa na siku, wiki na pengine miezi ambapo mtu alikuwa amekamatwa, anahojiwa, na hakuna aliyesimama kuuliza: kwa kosa gani, kwa ushahidi gani, na atapelekwa mahakamani lini? Hilo si swali la waziri. Ni swali la kila siku la mwendesha mashtaka.

Ili kuelewa kwa nini halikuulizwa, hatuna budi kulitazama neno lenyewe: operesheni. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitamkwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike ifikapo mwisho wa 1976. Katika miaka hiyo mitatu makada wetu walijifunza mtindo mmoja wa kazi na wakaumudu sana: tarehe ya mwisho, malori, idadi, taarifa mkoani. Kaya ngapi zimehamishwa? Vijiji vingapi vimeandikishwa? Mtindo huo ulipoingizwa katika upelelezi wa mauaji, maswali yalibaki yale yale, ila hesabu ikageuka kuwa ya watu. Wangapi wamekamatwa? Wangapi wamekiri? Kaya iliyohamishwa unaweza kuihesabu, hata kama imehamishiwa mahali pabaya. Mtu aliyekiri baada ya kipigo naye anaweza kuhesabiwa, na katika taarifa anafanana kabisa na mtu aliyekiri kweli.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari yote, nalo halijapewa uzito unaostahili. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, kama ilivyokuwa wakati wa operesheni ile, haikuruhusu ungamo lililotolewa kwa ofisa wa polisi litumiwe mahakamani kumtia mshtakiwa hatiani. Ungamo la namna hiyo lingeweza kusaidia pale tu lilipoongoza kwenye kitu halisi, kwa mfano panga lililofichwa. Au mtuhumiwa apelekwe mbele ya hakimu akaseme tena kwa hiari yake. Maneno yaliyosemwa mbele ya polisi peke yake yalikuwa karatasi tupu. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1980, na tangu hapo ungamo kwa polisi limekubalika iwapo limetolewa kwa hiari. Lakini mwaka 1976 halikukubalika.

Basi kipigo kile kilikuwa cha nini? Hakikuwa cha kuishawishi mahakama, maana mahakama isingekipokea kilichozaliwa nacho. Kilikuwa cha kujaza taarifa na kuutuliza umati. Mwendesha mashtaka mmoja angeulizwa siku ya kwanza angejibu kwa sentensi moja: maneno haya hayanifai, niletee shahidi aliyeona, niletee silaha, niletee aliyelipa na aliyelipwa. Sentensi hiyo haihitaji ushujaa wa pekee. Inahitaji tu kwamba msemaji awe na mahali pa kusimama pasipoamriwa na yule anayeendesha operesheni.

Mahali hapo hapakuwapo. Wakati ule Mkurugenzi wa Mashtaka alikuwa na ofisi yake chini ya Mwanasheria Mkuu huko Dar es Salaam, na mashauri makubwa ya Mahakama Kuu yaliendeshwa na mawakili wa Serikali. Lakini katika mahakama za wilaya na za mwanzo wa safari ya kila shauri, aliyesimama mbele ya hakimu kuendesha mashtaka alikuwa ofisa wa polisi. Anavaa sare ile ile ya mpelelezi, anakula katika bwalo lile lile, anapandishwa cheo na mkubwa yule yule. Mkubwa huyo naye anakaa katika kamati ya ulinzi na usalama inayoongozwa na mkuu wa mkoa, ambaye wakati ule alikuwa pia katibu wa Chama wa mkoa. Kwa hiyo shinikizo lilipotoka kijijini, likapita tawini, likafika mkoani, liliteremka hadi kwa mwendesha mashtaka kama amri. Hapakuwa na ngazi hata moja ambapo mtu alikuwa na kazi ya kusema hapana.

Msomaji mkali atatuuliza: je, nanyi mnawatetea wakata mapanga? Swali ni la haki, na lazima lijibiwe kwa kirefu, kwa kuwa anayeandika juu ya haki za mtuhumiwa bila kumtaja aliyeuawa anaandika nusu ya ukweli.

Uchunguzi uliofanywa juu ya mauaji yanayohusishwa na imani za uchawi ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara zaidi ya watu 3,600, sehemu kubwa wakiwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yakiwa katika mikoa ya Usukuma na jirani zake. Tuitazame hali ya mama huyo. Ni mjane, au hakubahatika kuwa na watoto wa kiume karibu. Macho yake ni mekundu, na wekundu huo unatokana na miaka arobaini au hamsini ya kupikia samadi ya ng'ombe na kuni mbichi ndani ya nyumba isiyo na dirisha, katika nchi ambayo miti yake ilikwisha fyekwa. Mtoto wa jirani anakufa kwa homa. Jirani anakwenda kwa mfumu kupiga ramli, na jibu linarudi likiwa na macho mekundu. Uhamisho wa vijijini nao, kama wachunguzi kadhaa walivyoeleza, uliwaweka ukuta kwa ukuta watu ambao zamani walitenganishwa na mashamba na mbuga, wakaanza kutazamana kwa hofu. Usiku wanakuja vijana wenye mapanga waliolipwa. Nyuma ya ramli, mara nyingi, lipo shamba, wapo ng'ombe, ipo mirathi. Mauaji haya yana uchumi wake, na mlengwa ni yule asiye na mtetezi.

Kwa hiyo umma uliopaza sauti ukidai wauaji wakamatwe ulikuwa na haki. Serikali isingejali, ingestahili kulaaniwa. Lakini tuutazame umma huo kwa karibu zaidi, kwa jicho la mpelelezi. Kijiji kile kile kilichopaza sauti mkutanoni kwamba polisi wamelala, ndicho kilichonyamaza polisi walipofika kuuliza nani ameona nini. Kila aliyeishi Usukuma analijua hilo. Muuaji ni shemeji wa mtu. Aliyemlipa anakaa nyumba ya tatu. Wengine, tuseme ukweli, kimoyomoyo waliona kwamba marehemu alikuwa mchawi kweli. Sauti ya mkutanoni haina jina. Ushahidi una jina, una sahihi, na una siku ya kusimama kizimbani ukitazamana macho na mshtakiwa. Ndiyo maana umma ukawa mwingi wa sauti na maskini wa ushahidi. Na polisi, waliobanwa na sauti hiyo huku wakinyimwa ushahidi, wakajaza pengo kwa fimbo.

Tunapenda kulisisitiza jambo hili kwa sababu ndipo kazi ya kada ilipo. Makada wa 1976 waliipokea sauti ya wananchi na kuipitisha juu. Hawakuirudisha chini. Hawakukaa na shahidi mwoga usiku, hawakumhakikishia kwamba tawi litamlinda, hawakumsindikiza hadi Magu au Mwanza siku ya kesi na kumtafutia nauli na mahali pa kulala. Kubeba sauti ya umma kwenda mkoani ni kazi rahisi na humpatia kada sifa. Kuigeuza sauti hiyo iwe shahidi mmoja aliye tayari kusema jina lake ni kazi ya miezi na haionekani katika taarifa yoyote.

Miaka michache baadaye wananchi wenyewe walijaribu njia yao. Sungusungu, au Wasalama kama walivyojiita, walizuka upande wa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaenea upesi hadi Mwanza. Filimbi, pinde na mishale, na mwano unaosikika kijiji hadi kijiji. Mwizi wa ng'ombe akajikuta hana pa kukimbilia. Mwalimu na Chama waliwaunga mkono, na hakika walistahili kuungwa mkono, kwani walifanya ambacho dola ilishindwa kufanya. Na bado. Sungusungu walimkamata mtu, wakamhoji, wakamshtaki, wakamhukumu na kumwadhibu, vyote vikiwa mikononi mwa watu wale wale chini ya mti ule ule. Baadhi ya vikundi viliwawinda vikongwe vilivyopaswa kuwalinda. Sheria ya mwaka 1989 iliwatambua ndani ya mfumo wa mgambo na kuwapa uwezo wa kukamata, jambo ambalo lilikuwa sahihi. Lakini katika miaka yote iliyotangulia kutambuliwa huko, mafunzo waliyopewa na makada yalihusu ulinzi. Hatuna habari ya darasa la kuwafundisha kwamba kukamata ni mwanzo wa shauri.

Vita vya wahujumu uchumi vya 1983 tutavipitia haraka, maana vimeandikwa sana. Watu walikamatwa kwanza, kisha sheria ikatungwa kuwafuata. Dhamana ikafutwa na mawakili wakazuiwa. Umma ulishangilia, na sisi makada tulishangilia zaidi. Mwaka 1984 ilitungwa sheria nyingine iliyorudisha haki ya kuwa na wakili, na mwaka huo huo Haki za Binadamu zikaingizwa katika Katiba. Ni nadra kwa Chama kuyakosoa matendo yake kwa haraka namna hiyo, na ingefaa hatua hiyo ifundishwe kwa fahari ile ile tunayofundishia ushindi mwingine.

Kuna wanaosema kwamba hofu hii ya kumwonea mtuhumiwa tumeazima kwa mabepari. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1974 mabomu yaliua watu 21 katika vilabu vya pombe mjini Birmingham, Uingereza. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, na Waairishi sita wakakamatwa, wakapigwa, baadhi yao wakakiri, na wote wakafungwa maisha mwaka 1975. Waliachiliwa mwaka 1991 baada ya kuthibitika kwamba hukumu ile haikuwa na msingi. Hivyo katika miaka ile ile ya operesheni yetu, mkoloni wetu wa zamani, mwenye mawakili na majaji wenye mawigi, alianguka katika shimo lile lile. Upande wa pili wa dunia, katika kesi za Moscow za 1936 hadi 1938, mwendesha mashtaka Andrei Vyshinsky aliyajenga mashtaka yake juu ya maungamo, huku mikutano ya wafanyakazi viwandani ikipitisha maazimio ya kudai washtakiwa wauawe. Wengi wa waliouawa walisafishwa baadaye na dola ile ile ya kisoshalisti. Vyshinsky hakusimama kati ya jalada na umati. Aliligeuza jalada kuwa kipaza sauti cha umati, na umati wenyewe ulikuwa umepangwa. Mfumo wa uchumi ulikuwa tofauti, kosa lilikuwa moja. Wanaotegemea ungamo peke yake wangefaa kuisoma kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda ya mwaka 1967, ambamo Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliwaonya mahakimu walipokee kwa tahadhari kubwa ungamo ambalo mwenyewe amelikana, na kwa kawaida watafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Onyo hilo lilitolewa na mahakama yetu wenyewe, miaka tisa kabla ya operesheni.

Turudi kanda ya Ziwa. Tangu mwaka 2007 yalizuka mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi, hasa Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ukatili wake haukuwa na mfano, na dunia nzima ilitutazama. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka hadharani kwamba anayekutwa akiua naye auawe hapo hapo. Kauli ilipohojiwa Bungeni, alijieleza huku akitokwa na machozi. Machozi yale hatuyabezi. Yalikuwa ya mtu aliyeona viungo vya watoto vikiuzwa. Lakini kauli ilikuwa na makosa, na kosa lake linafaa kutajwa wazi: muuaji wa mkononi akiuawa pale pale, anakufa na jina la aliyemtuma. Mfanyabiashara wa viungo hawezi kuomba msaada mkubwa zaidi ya huo.

Machi mwaka huo ilifuata kura ya siri. Wananchi vijijini waliandika majina ya wale waliowashuku kwa mauaji, ujambazi na dawa za kulevya. Njia hii ina manufaa, na hatuikatai: inampa mwoga kalamu bila kumtaka sura. Kwa mpelelezi, karatasi ile ni dokezo la wapi pa kuanzia. Tatizo ni pale karatasi zinapohesabiwa. Jina likitajwa mara mia mbili, mkutano unataka mtu huyo awekwe ndani jioni hiyo hiyo, na kiongozi anayesita anaonekana amehongwa. Lakini karatasi mia mbili zilizoandikwa kutokana na uvumi mmoja wa kilabuni ni uvumi mmoja. Na kijiji kinamtaja nani? Kinamtaja mgeni, mwenye ng'ombe wengi kwa ghafla, mzee anayeishi peke yake, jirani aliyegombana na wengi juu ya mpaka. Mara nyingine, pia, kinamtaja muuaji. Kazi ya kutenganisha haiwezi kufanywa na sanduku la kura. Hapa kanuni ya Bujora imeingia moja kwa moja katika upelelezi: aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi, ila ushindi wenyewe ni kifungo. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ulemavu wa ngozi, hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Ilitolewa baada ya mashahidi kusimama na kuhojiwa.

Mfumo wenyewe, lazima tukiri, haupo tena pale ulipokuwa 1976. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yaliingiza ibara ya 59B, inayomtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na inayomwelekeza azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia taratibu za haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Sheria ya mwaka 2008 ikaunda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na kazi ya kuendesha kesi ikaanza kutolewa mikononi mwa polisi wilaya baada ya wilaya. Ni vema kada atambue mpangilio wa maneno yale ya Katiba. Maslahi ya umma yamo. Hayakuwekwa peke yake, wala hayakuitwa matakwa ya umma. Wapo watakaoona tofauti hiyo ni ya wanasheria. Mkutano wa hadhara wa jioni moja unaweza kuwa na matakwa; maslahi ya umma huo huo ni pamoja na kutomfunga asiye na hatia huku mkata mapanga akibaki anatembea gulioni Kisesa.

Uhuru huo ulioandikwa bado una adui mmoja wa kila siku, naye ni simu ya kiongozi. Katibu wa wilaya akiuliza ofisi ya mashtaka, upelelezi wa mauaji ya mama yule umefikia wapi, na kijiji kina mashahidi wawili wanaohitaji ulinzi, anatimiza wajibu wake. Akisema, wananchi wamechoka, mbona huyu bado hajafikishwa mahakamani, amekwisha kuingia katika jalada. Tofauti ya maswali hayo mawili ni ndogo mdomoni, na kada mwenye haraka ataivuka bila kujua. Mwendesha mashtaka kijana, aliyepangwa wilayani mwaka wa kwanza na ambaye nyumba ameitafutiwa na ofisi ya mkuu wa wilaya, anaisikia tofauti hiyo vizuri sana.

Anachoweza kufanya mwendesha mashtaka huyo anaposhinikizwa ni kumfungulia mtuhumiwa shauri ili kelele ziishe, kisha kila baada ya siku kumi na nne amwambie hakimu kwamba upelelezi haujakamilika. Umma unaridhika, mtu yuko ndani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kanuni kwamba shauri lisifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa makubwa, na mauaji yakiwamo, yaliachwa nje ya kanuni hiyo. Kwa hiyo katika gereza la Butimba mtuhumiwa wa mauaji anaweza kuusubiri upelelezi huo mwaka baada ya mwaka, na jamaa wa marehemu nao wanasubiri, kila upande ukiwa umeambiwa kwamba kesi yao inaendelea.